Vidole Kumi na Viwili Nyuma

Fungueni dirisha lote, na msiniambie habari za baridi. Nataka nilione trela wakati nasema, maana nikiwa nalitazama siwezi kudanganya. Binti yangu mkubwa, kaa hapa kichwani pangu unipe maji nikikohoa. Kitindamimba, wewe kaa mezani na daftari lako. Shemeji, karibu, vuta kiti hicho, nashukuru umekuja. Najua uliapa kutokaa chumba kimoja na mwanangu wa kati, lakini leo nakuomba kwa ajili ya dada yako tuliyemzika, ukae. Na wewe mwanangu wa kati, usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Ingia. Ingia mpaka ndani, ukae miguuni pangu nikuone.

Asubuhi nimesali, na sikuomba kupona. Nimemwomba Mungu anipe sauti mpaka nimalize, basi.

Kitindamimba, ile karatasi ya wosia niliyokuandikisha siku ya kumi baada ya kumzika mama yenu, iko humo daftarini? Itoe. Ile iliyosema kwamba trekta ni lako na kwamba kaka yako asiliguse wala asiingie karakana yangu. Ichane. Sasa hivi, nisikie. Tena. Haya. Hiyo iliandikwa na mtu ambaye hakujua alichokuwa anasema, na mtu huyo ni mimi.

Wote mnakumbuka nilichosema pale kaburini, watu wakiwa bado wanashika mchanga mkononi. Nilimnyooshea kidole mwanangu, nikasema mbele za watu, huyu ndiye aliyekanyaga klachi mlimani, huyu ndiye amemuua mama yake. Sikusema kwa kunong'ona. Shemeji, wewe ulilitoa neno hilo kinywani mwangu ukalipeleka kila nyumba, na sikulaumu, maana nilikupa mimi. Siku arobaini na tatu zimepita. Siku zote hizo kijana huyu amekula chakula chake nje, kwenye benchi la karakana, na mimi nimemsikia akikohoa huko nikageuza uso ukutani.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea juzi. Dada yenu anajua nusu, kaka yenu anajua nusu nyingine, ila hakuna anayelijua lote isipokuwa mimi na Mungu, na mama yenu kama Mungu amemwambia.

Juzi alasiri nilikuwa nimelala hapahapa, natazama uani. Mnajua trela lilikuwa limelala chini ya kilima tangu siku ile, hakuna aliyetaka kuliona. Dada yenu akawaomba majirani waliburute mpaka uani, kwa sababu muuza vyuma chakavu alisema atakuja kulichukua. Wakaliweka pale lilipo, mkono wake wa kuvutia umegusa ardhi, mlango wa nyuma uko wazi. Dada yenu akaingia getini na gunia la mahindi begani. Akachoka. Akalitua gunia kwenye ukingo wa nyuma wa trela ili apumzike, kisha akaenda kisimani kunywa maji.

Na ule mkono wa trela ukainuka.

Nasema ukainuka wenyewe, wanangu. Hakuna mtu aliyekuwa karibu. Ulitoka ardhini taratibu, ukapanda, ukasimama hewani usawa wa kiuno cha mtu, ukabaki pale ukinielekea mimi dirishani kama mtu anayeninyooshea kidole. Nimechomelea vyuma miaka arobaini na moja, nimeungua, nimeanguka kutoka kwenye paa, nimeona kichwa cha nyundo kikichomoka kikapita karibu na sikio langu, lakini sijawahi kushtuka vile.

Nipe maji, mama.

Naona kitindamimba unanitazama hujaelewa. Wewe ni mtu wa kalamu, nitakueleza kama anavyoelezwa mteja. Trela la magurudumu mawili linasimama juu ya ekseli moja, yaani kile chuma kinachoshika magurudumu. Ukiiweka ekseli nyuma kidogo ya katikati, mzigo unaegemea mbele, mkono wa trela unalala juu ya trekta na kuyabana matairi yake ya nyuma yashike ardhi. Lakini ukiiweka katikati kabisa, halafu uzito ukakaa nyuma, mkono unainuka. Na ukiinuka, unainuka na mkia wa trekta. Trekta letu ni dogo, mnalijua, shemeji hulicheka na kuliita panzi. Breki zake ziko matairi ya nyuma tu. Tairi lililoinuka halina breki, hata ukanyage mpaka mguu uvunjike.

Jambo hili halikuwa geni kwangu. Ni la kwanza kabisa alilonifundisha fundi wangu aliyenilea kazini: tafuta katikati ya bodi, piga chaki, halafu rudi nyuma vidole kumi na viwili, hapo ndipo ekseli inapokaa. Alinipimia kwa vidole vyake mwenyewe. Nimetengeneza matrela kumi na saba ya watu wengine, na yote nilirudi nyuma vidole kumi na viwili.

Hili la nyumbani nililitengeneza kwa furaha kuliko yote. Chaneli zake, yaani vyuma vya fremu, zilitoka kwenye geti la zamani la ghala, ekseli na springi kwenye gari dogo lililogongwa, mbao za sakafu mama yenu alizichagua mwenyewe, moja moja, akizipiga kwa kidole na kusikiliza. Muuza mbao akamwuliza, "Mama, unanunua mbao au unanunua ngoma?" Akamjibu, "Nanunua sakafu ya gari langu, wewe kaa kimya nisikie." Alinishikia tepu ya kupimia. Alishika taa. Nikimaliza kuchomelea kiungo alikuwa anakigonga kwa nyundo ndogo mpaka ukoko wote utoke, kisha anasema, "Huyu kashika," kama anazungumzia mtu. Ekseli nikaiweka mahali pake. Vidole kumi na viwili nyuma. Nikapaka rangi ya kwanza.

Wiki iliyofuata nikiwa kazini kwa watu, mama yenu akataka kulifunga trela kwenye trekta peke yake. Mkono ulikuwa mzito, kama ulivyotakiwa uwe. Akaunyanyua mara moja, mgongo ukamkamata. Nilirudi nikamkuta amelala kifudifudi kwenye mkeka, dada yenu anamkanda kwa maji moto. Mnaikumbuka siku hiyo, na mnakumbuka tulivyocheka, maana aliniambia, "Fundi, umenitengenezea trela au umeniletea mke mwenzangu? Nimemwamsha tu kwa heshima, kanivunja kiuno." Nikacheka na mimi. Lakini moyoni iliniuma. Mke wangu alikuwa na miaka hamsini na minane. Nilijiambia, siwezi kumtengenezea mama huyu kitu cha kumuumiza mgongo.

Siku iliyofuata ninyi hamkuwepo. Nilichukua grinda nikaikata ekseli, nikaisogeza mbele vidole kumi na viwili, mpaka katikati kabisa, nikaichomelea upya. Makovu ya mahali pa kwanza nikayasaga, nikayapaka rangi. Nikamwita. Nikamwambia, nyanyua. Akanyanyua kwa mkono mmoja. Aliangua kicheko, akalinyanyua na kulishusha, akalinyanyua na kulishusha, kama msichana aliyepewa mwanasesere. Akasema, "Hili sasa ni mtoto wa kubeba mgongoni!" Majirani wakaja kujaribu. Mmoja akasema, "Fundi, hili hata mbuzi atalivuta." Nikasimama pale nimefura kama andazi. Wiki nzima watu walisifu wepesi wa trela langu, na mimi niliitikia sifa zile. Sikumwambia mtu kwamba wepesi ule ndio ulikuwa kasoro yenyewe. Hapana, ngojeni niseme sawasawa, nisijipunguzie. Sikujiambia hata mimi. Nilijua, nikaacha kujua. Nilijiambia tutabeba majani tu na magunia, na sisi sote tuna macho.

Na kweli, miaka miwili lilivuta majani na magunia, mzigo uliojaa sawasawa mbele na nyuma, barabara tambarare, hakuna kilichotokea. Nikasahau. Wallahi nikasahau kabisa, wanangu, kama mtu anavyosahau alikoweka ufunguo. Hata siku ya ajali sikukumbuka.

Nipandishe mto. Hivyo.

Siku ile tulikwenda kuchukua matofali ya ukuta wa jiko lake. Kaka yenu kwenye usukani, mama yenu na mimi kupakia. Kule kwenye tanuru nilisema kwa kinywa changu, na mwenye tanuru alisikia, muulizeni: "Yapangeni nyuma, karibu na mlango, ili kupakua iwe rahisi." Mama yenu akayapanga nyuma. Nusu ya mbele ya trela ilibaki tupu. Mimi kifua kilikuwa kimebana kwa ule moshi, nikabaki kupumzika, nikamwambia kijana, tangulieni.

Mnajua desturi yetu ya kilima. Nani asiyeijua? Trekta likipanda, mama yenu hutembea nyuma na jiwe mikononi, ili kijana akisimama kubadili gia yeye aliweke chini ya gurudumu. Hilo nililianzisha mimi, tangu tuliponunua trekta. Alikuwa na jiwe lake maalumu, la pembe tatu, analiweka chini ya kiti cha trekta, na ole wake atakayelitumia kugongea misumari. Akitembea nyuma alikuwa anaimba nyimbo za ibada, ili dereva asikie kwamba yupo.

Mwanangu wa kati alirudi akikimbia, damu ya mama yake mpaka kwenye viwiko. Akaniambia maneno matatu. Aliyarudia siku hiyo, akayarudia usiku wa msiba, akayarudia kaburini wakati mimi nimemnyooshea kidole. "Baba, matairi yaliinuka." Na mimi nilimjibu nini? Shemeji, wewe ulikuwepo. Nilimwambia, "Mjinga wewe, matairi ya trekta ni mazito, ya chuma na yamejazwa maji, yataenda wapi? Umekanyaga klachi likarudi, unatafuta uongo." Nilimwita mwongo. Kijana ambaye tangu utoto, akivunja sahani, huja na vipande mkononi.

Yaliinuka, shemeji. Alisema kweli. Mlimani matofali yakateleza yakaenda nyuma zaidi, mkono ukainuka na mkia wa panzi wetu, matairi yakazunguka hewani, breki hazikuwa na kitu cha kushika, na lote likarudi chini. Na nyuma yake alikuwepo mtu mmoja tu, na jiwe mikononi, anaimba.

Niacheni kidogo.

Niacheni tu, silii. Nimeduwaa bado, ndiyo hali yangu. Tangu juzi nafunga macho nauona ule mkono unapanda.

Juzi hiyohiyo nilimwita kaka yenu kwa jina lake kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alikuja mbio akidhani nakata roho. Nikamwambia, chukua tepu, kapime ekseli. Hakuniuliza kwa nini. Alitoka nje, akauona mkono wa trela umesimama hewani na gunia limekaa nyuma. Nilimtazama kutoka hapa. Nilitegemea atageuka dirishani anipigie kelele, aseme nilikuambia, nilikuambia, nilikuambia, na ilikuwa haki yake. Hakufanya hivyo. Aliusogelea, akauwekea viganja viwili, akaulaza chini polepole, kisha akaulalia kwa kifua, akabaki pale. Dada yenu akamkuta hivyo, akadhani anaumwa tumbo.

Baadaye akapima. Akaingia uvunguni, akapapasa kwa kidole chini ya rangi. Akaja akasimama pale mlangoni, akasema, "Baba, iko katikati kabisa. Na kuna makovu ya zamani nyuma yake, vidole kumi na viwili." Basi. Akaondoka kwenda kwenye benchi lake. Alikuwa ameshajua. Na siku nzima ya jana hakumwambia mtu, hata dada yake. Alikuwa ananisitiri mimi, baba yake, niliyemvua nguo mbele ya kaburi la mama yake.

Binti yangu, ungelitua gunia lile mahali pengine, muuza vyuma angekuja kulichukua trela, lingekatwa vipande, na mimi ningekufa na uongo wangu kifuani nikidhani ni ukweli. Na mwanangu angeubeba mpaka uzeeni. Hilo naliogopa kuliko kifo.

Mwanangu. Sogea. Lete mkono, hapana, huo wenye kovu la grinda. Nilikukosea. Nilikukosea mbele ya watu, na nakuomba radhi mbele ya watu, hawa ndio nimeweza kuwapata. Mimi ndiye niliyeisogeza ekseli. Mimi ndiye niliyesema matofali yakae nyuma. Mimi ndiye niliyemfundisha mama yako kutembea nyuma na jiwe. Wewe ulikuwa umeshika usukani tu. Usiseme kitu. Najua utasema, "Yameisha, Baba." Hayajaisha, usinisamehe kwa haraka kwa sababu nakufa. Nisamehe taratibu, hata miaka kumi, Mungu atanifikishia habari.

Shemeji, ulivyolipeleka lile neno langu kila nyumba, lipeleke na hili. Nyumba zilezile. Anza na mwenye tanuru. Na kabla hujatoka humu, msalimie mpwa wako.

Sogea umpe mkono. Usinitazame mimi, mtazame yeye.

Hivyo. Mungu akubariki, umenipunguzia mzigo.

Kitindamimba, andika sasa, andika vizuri. Nyumba hii ni ya dada yenu, kwa sababu ndiye aliyeihudumia na ndiye aliyetuuguza sote wawili. Shamba mtalima wote watatu, msiliwekee mipaka wakati mnapendana. Vitabu vyangu vya ibada na saa ya ukutani ni vyako wewe, ingawa saa inachelewa, uizoee. Karakana, mashine ya kuchomelea, grinda zote mbili na trekta ni vya kaka yenu wa kati. Andika na hili, kwa maneno haya haya: ajali ya mama yetu ilitokana na kosa la baba katika kutengeneza trela, na dereva hakuwa na kosa lolote. Usome nisikie. Kwa sauti. Neno "lolote" umeliandika? Haya. Nipe niweke kidole gumba.

Trela msiliuze. Muuza vyuma akija mwambieni Fundi amekataa. Na msiliache lilivyo, kwa jina la Mungu, mtu atakuja kuliazima kesho. Mwanangu, leo hii, kabla jua halijazama, ikate ekseli. Irudishe kwenye makovu yake. Tumia vidole vyako, ni sawa na vyangu. Dada yako akushikie taa, akugongee ukoko kama mama yake alivyokuwa akifanya. Mkono utakuwa mzito. Uacheni uwe mzito. Unyanyueni watu wawili.

Maji... kidogo tu. Asante, mama.

Nikifa... kaburi langu litakuwa kule juu, kando ya mama yenu, na njia ni ileile ya kilima. Najua mtakuwa mmepanga kuomba gari la watu. Sitaki. Nipelekeni kwa trela hilo. Na dereva ni huyu. Mtu mwingine asiguse usukani. Watu wote waliokuwa kaburini siku ile waone nani ananipandisha, na waone kwamba nimelala nyuma yake bila hofu. Mwanangu, utaweza? Itikia kwa kichwa tu. Gia ya kwanza tangu chini, usibadilishe... usiwe na haraka, mimi sitakuwa na haraka.

Sauti inaniacha. Sogeeni wote.

Mungu wangu na Mungu wa mama yenu awatunze. Binti yangu, mikono yako isikose kazi wala isikose wa kuishika. Kitindamimba, kalamu yako isiandike uongo, hata nikikuamuru mimi... wa jana. Wewe wa kati, Mungu akurudishie usingizi. Jina lako liwe safi midomoni mwa watu kama lilivyo safi kwake. Shemeji, uwe mjomba wao kweli. Amina. Semeni amina.

Sasa nendeni uani. Wote. Acheni dirisha wazi, nataka nisikie grinda. Nendeni, nitakuwa nasikiliza.

Ngojeni. Neno moja... siku hiyo, jeneza lisogezeni mbele. Mbele kabisa... karibu na trekta. Na nyuma ya trela asitembee mtu. Hata mwenye jiwe. Mkiimba, imbeni mkiwa ubavuni, dereva atawasikia.

Pembeni, wanangu. Tembeeni pembeni.